Baba aliyeketi mlangoni: Je, anasaidia dhambi?

Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya Isha pale Kilwa Kivinje, mzee mmoja mvuvi alinisubiri mpaka watu wakapungua msikitini. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakaa kimya kwa muda. Baadaye akasema: "Maalim, nina swali. Lakini nakuomba usiniulize maswali mengi."

Kijana wake wa pili alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha akarudi na unga. Kwanza alikuwa anavuta, baadaye akawa anajidunga. Alikuwa akijifungia chooni, uani. Usiku mmoja mzee alisikia kishindo, akavunja mlango, akamkuta ameanguka, midomo imebadilika rangi, pumzi inakuja moja moja. Wakammwagia maji, wakamtikisa, Allah akamrejesha. Tangu siku ile mzee alimwambia: ukishindwa kuacha, basi usijifungie. Mlango uwe wazi nami nikae nje. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kijana anajidunga, baba amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, tasbihi mkononi, akisikiliza kama mwanawe bado anapumua.

"Sasa Maalim," akasema, "mimi nina dhambi gani?"

Ndugu msomaji, nilikuwa nimemaliza chuo si muda mrefu. Jibu lilikuwa mdomoni kabla mzee hajamaliza. Nikamwambia kwamba Allah (SW) ametukataza kusaidiana katika dhambi (Qur'an 5:2), kwamba kilevi ni haramu kwa kauli moja, na kwamba nyumba ya Muislamu haiwezi kuwa mahali pa uovu ule. Amwambie kijana achague moja, unga au nyumba. Mzee akasema, "Haya, Maalim," akachukua viatu vyake akaondoka.

Nililala vizuri usiku ule. Siku zilizofuata ndizo zilizonisumbua, nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza nililojifunza halikuwa la fiqhi, lilikuwa la mwili wa binadamu. Heroini inaua kwa kuzima pumzi. Mtu hafi papo hapo kama aliyepigwa risasi. Pumzi hupungua taratibu, na mara nyingi zipo dakika ambazo mtu mwingine akiwepo anaweza kumwokoa, kwa kumpulizia pumzi au kwa dawa iitwayo naloksoni ambayo huondoa nguvu ya heroini mwilini. Anayekufa, mara nyingi, ni yule aliyekuwa peke yake. Na aliye hatarini zaidi ni yule aliyekwisha kuacha kwa muda, labda ametoka jela au soba hausi, mwili umesahau, naye akarudia kipimo chake cha zamani. Kwa hiyo ule ushauri wangu wa "mfukuze" maana yake halisi ilikuwa kumtoa kijana mahali penye mtu na kumpeleka gofuni au chini ya mashua, mahali pasipo na mtu.

La pili, nikagundua kwamba alilolibuni mzee yule kwa uchungu wake, wenzetu wamelijengea nyumba. Bern, Uswisi, walifungua chumba cha namna hiyo mwaka 1986. Sydney walifungua mwaka 2001, na Vancouver, Kanada, mwaka 2003. Mtumiaji huja na unga wake mwenyewe. Muuguzi hamuuzii wala hamdungi. Humpa sindano safi, hukaa naye, na pumzi ikianza kukata humwokoa. Akitaka kuacha, huonyeshwa njia. Mara ya kwanza nilipolisoma hili nilisema astaghfirullah. Kisha nikamkumbuka mzee na kigoda chake.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Wapo masheikh ninaowaheshimu ambao watasema: huko ni kuhalalisha haramu kwa mlango wa nyuma. Hoja yao si ya kupuuzwa. Haramu ina tabia ya kuzoeleka. Mtoto anayekua akiona maovu yamewekewa kiti na mlinzi, ataamini kwamba maovu hayo si kitu. Mimi mwenyewe nafundisha vijana, najua jinsi mzaha unavyogeuka ada.

Lakini tuangalie Mtume (SAW) alifanya nini maovu yalipotokea mbele yake. Bedui aliingia msikitini Madina akaanza kukojoa. Masahaba wakamwinukia. Mtume (SAW) akawazuia wamwache amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na wanavyuoni wanaitumia kueleza kanuni inayojulikana, kwamba madhara mawili yakikutana na hakuna njia ya kuyaepuka yote, hubebwa lililo dogo. Kukojoa msikitini hakukuhalalishwa. Ila kumkurupusha mtu katikati kungemdhuru yeye na kueneza najisi mahali pengi zaidi.

Na kuna lile la Ibn Taymiyya, alilolisimulia mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim. Walipita kwa Watatari waliokuwa wakinywa pombe, mmoja wa wenzake akataka kuwakemea. Ibn Taymiyya akamkataza, kwa kuwa pombe imekatazwa kwa sababu inazuia watu na kumkumbuka Allah, lakini hawa inawazuia na kuua na kupora. Nakiri kwamba mfano huu haulingani sawasawa na wetu. Watatari walikuwa hatari kwa wengine, kijana wa Kivinje ni hatari kwanza kwa nafsi yake. Lakini hata hapo tusijidanganye. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanywa Temeke ulikuta asilimia 35 ya wanaojidunga wana virusi vya ukimwi, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 67, wakati kwa watu wazima wa nchi nzima ilikuwa kiasi cha asilimia 5. Mapema zaidi, mwaka 2005, iliripotiwa kutoka Dar es Salaam kwamba wapo wanawake waliofikia kujidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, ili tu kupunguza arosto. Wanawake hawa wana watoto. Wanaume wale wana wake nyumbani. Sindano moja chafu haiishii mkononi mwa aliyeishika.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya kusaidia dhambi na kumsaidia mwenye dhambi asife ndani yake. Anayemuuzia kete amesaidia dhambi. Anayempa pesa akijua zinakwenda kununua kete, naye yumo. Lakini yule ambaye kuwepo kwake hakuongezi hata tone la haramu, kwa sababu kijana angejidunga awepo au asiwepo, na kilichoongezeka ni uhai tu, huyu amesaidia nini? Qur'an (5:32) inamweka aliyeokoa nafsi moja katika daraja la aliyewaokoa watu wote, na sikuona humo sharti kwamba nafsi hiyo iwe ya mchamungu. Na yule sahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, mtu mmoja alipomlaani, Mtume (SAW) alikataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilitekelezwa, lakini kutupwa hakutupwa.

Sisi tunatupa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alisimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, na sultani akampa. Leo teja akisimama kwenye mlango wa msikiti wa Ijumaa, sote tunaangalia viatu vyetu. (Na kweli viatu vinaibwa, siwatetei katika hilo.)

Wala tusiseme haya ni mambo ya Dar es Salaam. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa hapa hapa mkoani Lindi. Aprili 2021 Wairani saba walikamatwa kwenye jahazi katika bahari ya Kilwa na shehena ya zaidi ya kilo 800 za heroini na methamfetamini. Bahari iliyotuletea Uislamu ndiyo inayopitisha unga kutoka pwani ya Makrani, na mzigo ukipita mahali hukosi punje zinazomwagika njiani.

Waislamu wenzetu kwingine wamelikabili. Iran, mwaka 2005, mkuu wa mahakama Ayatollah Shahroudi aliwaagiza waendesha mashitaka wasizuie huduma za sindano safi na methadoni (wasomaji wasinirukie kwa habari ya madhehebu, naangalia hoja). Malaysia, mwaka 2010, Masjid Ar-Rahman wa Kuala Lumpur ulianza kutoa methadoni msikitini kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Malaya. Mombasa, MEWA, ambayo ni jumuiya ya Waislamu, imewahudumia wanaojidunga pamoja na kuwapa sindano safi. Kwetu Muhimbili ilianza methadoni Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, Temeke, na Zanzibar mwaka 2015.

Je, nataka chumba cha Vancouver kijengwe Kilwa Masoko? Hapana. Chumba kile kina maana penye mamia wanaojidunga katika mitaa michache. Huku kwetu wapo wachache na wametawanyika, na mji ni mdogo. Atakayeingia mlango ule saa nne asubuhi, habari zake zitakuwa Kivinje kabla ya Alasiri. Hatokwenda mtu. Wanaopanga mambo haya kwa ajili ya Dar es Salaam wayapime kwa hali ya Dar es Salaam, na sheria ya mwaka 2015 nayo isomwe, maana haikuandikwa kwa kufikiria vyumba hivyo. Kwa huku kwetu nadhani inatosha kuanza na naloksoni kwenye zahanati, mganga asiyemwita polisi kwanza, na nauli. Nauli si jambo dogo. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kutoka Masoko hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 300. Kwa miaka yote ile ya mwanzo, kijana wa Kilwa aliyetaka dawa ilibidi ahame. Kama mfuko wa zaka wa msikiti hauoni fakiri katika mtu huyu, basi sijui tumemwekea nani fungu lile.

Nilirudi kwa yule mzee baada ya wiki tatu. Nilimkuta anashona nyavu. Nikamwambia nimekuja kulifuta jibu langu, nilimjibu kwa haraka. Akaendelea kushona, kisha akasema: "Sikumfukuza, Maalim. Nilikusikia, ila sikuwa na pa kumpeleka."

Mwaka uliofuata kijana alichukuliwa na shangazi yake aishi naye Temeke, akaandikishwa kwenye methadoni. Hakuacha mara moja. Aliteleza mara mbili ninazozijua. Karibu na Ramadhani mzee alinipigia simu, sauti ya furaha, akasema mwanawe anataka kufunga mwaka huu, na dawa anapewa asubuhi. Je, akiinywa hafungui?

Nikamwambia anafungua, na kwamba mgonjwa ana ruhusa yake. Lakini kwanza aende akamuulize muuguzi kama kuna uwezekano wa kupewa baada ya Magharibi. Akasema atampigia shangazi yake usiku huo huo.