Nyundo ya Mhunzi na Usingizi wa Jirani

Huku Mlalo nyumba zetu zimepanda mlima, uwanja wa mmoja ukitazama paa la mwingine. Mhunzi akifua chuma nyumbani, majirani wa juu na wa chini wote husikia. Siku moja sisi, mchungaji na wazee wa kanisa, tuliitwa kusuluhisha. Jirani alikuwa akimuuguza mama yake, na mgonjwa hapati usingizi. Mhunzi akatuuliza, “Baba Mchungaji, nikiacha kazi, watoto wangu mtawalisha ninyi?” Tulinyamaza.

Je, haki ya nani ni kubwa: ya anayefanya kazi, au ya anayehitaji kupumzika?

Kazi yenyewe hatuwezi kuidharau. Kitabu cha 1 Samweli sura ya 13 kinasimulia jinsi Israeli ilivyokosa mhunzi, hata watu wakawaendea Wafilisti ili wanolewe majembe na mashoka. Na mwaka 1520 Martin Luther, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani, alimtaja mhunzi pamoja na fundi viatu na mkulima: kila mmoja ana kazi yake, wote ni makuhani, na kazi ya kila mmoja iwafae wengine. Kipimo kiko hapo. Mwenye kununua jembe ni mmoja wa hao wengine. Mgonjwa aliye ng’ambo ya ukuta naye ni mmoja wao.

Tulipokwenda kutazama, tulikuta fuawe yake ni kipande cha reli kilicholazwa tu juu ya gogo. Kila pigo, reli ililia kama kengele. Lakini pigo ndilo linalonyoosha jembe. Mlio haunyooshi kitu. Basi reli ikakazwa kwenye gogo kwa boliti, ikazungushiwa mnyororo mzito, na gogo likasimamishwa ndani ya sanduku la mchanga. Mhunzi akakubali kufua chuma kingali chekundu, maana kikipoa hulia zaidi, na kuiweka nyundo chini jua likizama. Sauti haikwisha, ila ilipungua na kuwa butu.

Kwa nini hakufanya hivyo mapema? Kwa sababu jirani alikuwa amemlalamikia kwa kila mtu, isipokuwa kwake mwenyewe. Naye akaungama hilo. Sauti iliyobaki ameahidi kuichukulia, kama tunavyochukuliana sote.

Mtume Paulo, katika 1 Wathesalonike 4:11, anaagiza utulivu na kazi ya mikono katika mstari mmoja. Tulikuwa tumevitenga, kana kwamba mtu lazima achague kimojawapo. Kumpenda jirani kulihitaji mnyororo, mchanga na mazungumzo ya saa moja.

Tukirudi, mzee mmoja akauliza, “Na vipaza sauti vyetu vya mkesha je?” Hatukuwa na la kujitetea. Neno ndilo linalolisha roho. Kelele hailishi mtu. Mkesha uliofuata tulivigeuza vielekee ndani.