Waimbaji Watatu, Gitaa Moja

Bendi nyingi hubadilisha mwimbaji na wa zamani hatajwi tena. Michael Schenker, mpiga gitaa wa roki wa Ujerumani aliyezaliwa 1955, alipokuwa na miaka sitini na kitu aliwaita waimbaji wake wa zamani warudi: Gary Barden aliyeimba albamu ya kwanza ya bendi yake mwaka 1980, Graham Bonnet aliyeshika nafasi hiyo 1982, na Robin McAuley aliyekuja baadaye. Kila mmoja aliimba nyimbo za zama zake, kisha wakaimba pamoja. Mwaka 2018 wakatoa albamu ya Resurrection, Doogie White akiwa mwimbaji wa nne. Sauti zimekomaa, nyingine zimechoka. Mimi nazipenda hivyo hivyo. Kinachonigusa zaidi ni Barden na Bonnet, mtu na mrithi wake, wakipokezana jukwaa moja.