Mrithi Hupokea na Deni

Katika mazishi ya kwetu, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa ukoo husimama na kutangaza: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze. Hakuna mtoto mwema ajibuye kwamba deni si lake kwa kuwa hakulikopa yeye. Ameipokea nyumba, amelipokea shamba. Basi amelipokea na deni. Desturi hiyo yatusaidia kufahamu shauri kubwa linalowagawanya Wamarekani hata leo: je, wazao wa watumwa wanadai kitu, na taifa lao lawiwa kitu?

Si haki kuanza na makosa ya jirani. Twaanza nyumbani mwa Kanisa. Mwaka 1838 mapadre Wajesuiti wa Maryland walipatana kuwauza watu 272, wanaume, wanawake na watoto, kwa dola 115,000, wapelekwe mashambani Louisiana. Wengi walikuwa Wakatoliki wenzao. Mkuu wa Shirika, kutoka Roma, alikuwa ameagiza kwamba jamaa zisitenganishwe, wala fedha hizo zisilipe madeni. Maagizo yote mawili yalivunjwa: jamaa zilitenganishwa, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo cha Georgetown, mjini Washington. Mwaka 1839 Papa Gregori wa 16 alilaani biashara ya watumwa. Lakini hao walikwisha kuuzwa.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria nchini kote mwaka 1865. Je, deni likafutika? Hasha! Walio wengi walitoka utumwani mikono mitupu. Katika miaka ya 1930 chombo cha serikali kilichora ramani za miji, na mitaa ya watu weusi, karibu yote, ikatiwa rangi nyekundu, yaani ni hatari kuikopesha. Serikali ilipodhamini mikopo ya nyumba, mitaa hiyo iliachwa nyuma. Ni mwaka 1968 tu sheria ya nchi ilipokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Asiyekopeshwa hakujenga, na asiyejenga hakurithisha. Ndiyo sababu Benki Kuu ya Marekani ilipopima mali za kaya mwaka 2022, kaya ya Wazungu iliyo katikati ya wenzake ilikuwa na dola 285,000, na ya watu weusi dola 44,900. Asiyejua historia atasema ni uvivu. Ajuaye ataona daftari la deni.

Wako wanaojibu: “Babu zetu walifika baadaye, nao walikuwa maskini, hawakumiliki mtumwa hata mmoja.” Neno hilo tulisikilize, maana lina haki yake. Hatusemi kwamba mjukuu ahukumiwe kwa dhambi ya babu. Lakini hatia na deni ni mambo mawili. Hatia ni ya mtenda. Deni huifuata mali. Aliyepata mkopo wa nyumba wakati jirani yake aliponyimwa kwa ajili ya rangi yake, alipata faida, hata kama hakuiomba.

Katekisimu yatufundisha kwamba kitubio chataka majuto, maungamo na malipizi. Mwaka 2017 mkuu wa Wajesuiti wa Marekani aliomba msamaha hadharani, mbele ya wazao wa wale waliouzwa. Jengo la chuo lililokuwa na jina la Padre Mulledy, aliyefanya mauzo yale, likapewa jina la Isaac Hawkins, wa kwanza katika orodha ya waliouzwa. Mwaka 2021 Wajesuiti waliahidi dola milioni 100 kwa mfuko ulioundwa pamoja na wazao hao. Ahadi bado si malipo, wala fedha peke yake haziponyi. Hata hivyo, njia ni hiyo. Zakayo hakutosheka kusema amekosa. Alitaja na kiasi atakachorudisha.

Wapenzi wasomaji, taifa linalosoma historia yake kwa unyofu halijitukani. Linachunguza dhamiri kabla ya kuungama. Nasi tusiwacheke Wamarekani. Kila mmoja wetu ajiulize: katika shamba nililorithi, je, hakuna mpaka wa mjane uliosogezwa? Wazee walisema, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kusahau.