Lifungueni Tena Jalada

Ndugu zangu, msiniambie kwamba mahakama ikishaamua basi yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Kwa jaji aliyekwenda kula chakula chake cha jioni! Kwa aliyebambikiwa kesi, siku hiyo ndiyo yanaanza.

Sikieni habari ya Birmingham, Uingereza. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili za mji huo yakaua watu 21. Nchi iliwaka hasira, na nani asingekasirika? Polisi wakakamata wanaume sita wenye asili ya Ireland. Watano kati yao walikuwa safarini kwenda Belfast mazikoni. Wakapigwa, na wanne wakatia saini maelezo ya kukiri. Mtaalamu wa maabara, Frank Skuse, akaiambia mahakama kwamba ana uhakika wa asilimia 99 kuwa wawili wao walishika vilipuzi. Agosti 1975 wote sita wakapewa kifungo cha maisha, na watu wakalala usingizi.

Usingizi huo ndio dhambi ninayoihubiri leo! Mwaka 1980 wafungwa hao walipotaka kuwashtaki polisi kwa kipigo kile, Jaji Denning aliizima kesi yao. Alisema wakishinda, itakuwa na maana kwamba polisi walipiga na kudanganya chini ya kiapo, na jambo hilo linatisha mno kiasi kwamba kesi isiendelee. Mmesikia? Ukweli ukitisha, ufungiwe mlango!

Ndipo akaja Chris Mullin, mwandishi wa habari mwenye daftari na ukaidi. Mwaka 1985 yeye na wenzake wa kipindi cha televisheni cha World in Action waliuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: je, kipimo kile cha Skuse hakiwezi kunasa kitu kingine? Wanasayansi wakajaribu, na karata za kuchezea zikatoa jibu lilelile la vilipuzi. Na wale wanaume walikuwa wamecheza karata ndani ya treni! Karata, ndugu zangu. Mullin akachapa kitabu mwaka 1986, akawasaka wahusika wa kweli na kuzungumza nao. Januari 1988 rufaa ya wale sita ikatupwa. Mullin hakunyamaza. Tarehe 14 Machi 1991 wale sita walitoka, baada ya kuthibitika pia kwamba maandishi ya polisi yalikuwa yamechezewa. Miaka 16!

Yusufu naye, akiwa gerezani bila hatia, alimwomba mnyweshaji amkumbuke mbele ya Farao, na mnyweshaji akarudi kwenye vikombe vyake akasahau miaka miwili. Ndugu zetu Waislamu wanaijua sehemu nyingine ya kisa hiki: mfalme alipomwita, Yusufu hakukubali kutoka mpaka kwanza lichunguzwe suala la wale wanawake waliojikata mikono. Mlango uko wazi, naye anadai uchunguzi!

Kuna atakayeniuliza, na waliouawa je? Swali la haki. Tangu wale sita waachiliwe, hakuna mwingine aliyehukumiwa kwa vifo vile 21. Mwaka 2022 polisi walikwenda mahakamani kudai daftari za Mullin ili wampate mtu aliyekiri kwake, jaji akakataa. Hapo panachoma, wala siwezi kumlaumu mama wa marehemu anayelitaka jina hilo. Lakini bila ahadi ya kuficha jina nani angefungua mdomo? Tena aliyemnyima mama huyo haki ni yule aliyewapa wauaji miaka 16 ya kujificha nyuma ya migongo ya watu sita wasio na hatia.

Basi nawaambia ninyi wahariri: acheni kuita mtuhumiwa muuaji kwa sababu tu polisi wamemwonyesha mbele ya kamera. Mpeni mwandishi wenu nauli na muda. Alisome jalada ukurasa kwa ukurasa, amtafute kila shahidi amhoji peke yake, aulize kipimo kilipimwaje na nani alikuwa chumbani mtu akikiri. Nanyi wasomaji, linunueni gazeti la namna hiyo, hata likiwachukiza.

Na ile barua kutoka gerezani iliyo kwenye droo, isomwe leo. Ina makosa ya herufi, imejirudia mara tatu, na huenda mwandishi wake ni mwongo. Nendeni mkahakikishe.