Haki ya Mgonjwa Haiishii Mlango wa Hospitali

Alhamdulillah, sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu katika imani, nauusia moyo wangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Allah kadiri ya uwezo wetu.

Leo tumzungumzie mtu aliyetoka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Akiwa bado mahututi, hatuna upungufu: tunamwombea dua baada ya kila sala, tunachangishana, ukumbi wa hospitali unajaa mikeka na vikapu vya chakula. Lakini mtazameni mtu huyohuyo miezi mitatu baadaye, akiwa kwake. Mikeka imekunjwa, simu hazilii tena. Tumeshasema "amepona", kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake.

Amepona nini? Mashine ya kupumulia imemwachia uhai, naye kapoteza mengi. Madaktari wa London walipima misuli ya paja ya wagonjwa mahututi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013: ndani ya siku 10 misuli ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 18. Siku 10 tu! Wenzao wa Toronto waliwafuatilia watu ambao mapafu yao yalikuwa yamefeli kabisa. Baada ya mwaka mzima, umbali waliotembea kwa dakika sita ulikuwa kama theluthi mbili ya ule wa mtu mwenye afya wa rika lao, na hata baada ya miaka mitano wengi walikuwa hawajarudia nguvu zao za awali. Akili nayo huguswa. Utafiti uliofanyika Nashville, Marekani, ukachapishwa mwaka huo wa 2013, ulikuta kwamba miezi mitatu baada ya kutoka, wagonjwa wanne kati ya kumi walikuwa na kiwango cha kufikiri kama cha mtu aliyeumia kichwa kwa ajali. Na hao hawakuwa wazee peke yao, vijana walikuwemo.

Kwa hiyo huyo jirani yako anayeshindwa kufunga vifungo vya kanzu yake si mvivu. Yule dada muuza duka anayehesabu chenji mara tatu na bado anakosea, hakuzubaa. Sauti ya mgonjwa imekwaruzwa na mpira uliopitishwa kooni. Nywele zinamtoka akichana. Usiku anashtuka akipiga kelele, kwa sababu alipokuwa anaweweseka kule ICU alimwona muuguzi kama mtu anayetaka kumuua, na mikono iliyofungwa kitandani asichomoe mipira aliiona kama ya mateka. Anaona haya kuyasimulia. Nasi, Allah atusamehe, ndipo tunaponong'ona kwamba amerudi na majini, tukamtafutia mganga. Ruqya ya Qur'ani msomeeni, ni kheri. Lakini mrudisheni na kwa daktari, na pesa ya mganga iende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Ndugu zangu, tazameni Mtume (s.a.w.) alivyofanya. Sahaba wake Saad bin Muadh alipigwa mshale katika mshipa wa mkono siku ya vita vya Khandaq. Mtume aliamrisha apigiwe hema ndani ya msikiti wenyewe, ili awe anamzuru kwa karibu. Hakutosheka na kwenda mara moja akarudi na habari. Alimsogeza mgonjwa karibu yake, kumwona kukawa jambo la kila siku. Sisi tunakwenda mara moja, tunaacha juisi, tunahesabu haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake imekwisha.

Na mgonjwa mwenyewe namwambia: dini haikukutwika usiloliweza. Sahaba Imran bin Huswayn alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume kuhusu sala. Akaambiwa asali kwa kusimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Basi usione aibu kukaa kwenye kiti safu ya mbele, wala asikutazame mtu kwa jicho baya. Ama zile sala zilizokupita ukiwa hujitambui, usijitese nazo usiku kucha. Katika madhehebu yetu ya Shafii aliyepoteza fahamu kwa maradhi halazimiki kuzilipa. Saumu za Ramadhani ndizo hulipwa, mwili ukipata nguvu. Muulize imamu wako hali yako ilivyokuwa, utulie.

Aliyemuuguza naye asisahauliwe. Mke aliyekesha kwenye kiti cha plastiki wiki nzima naye hapati usingizi, naye analia jikoni peke yake. Mshikieni zamu. Mgonjwa msimpelekee uji tu: pelekeni samaki, maharage, mayai, maana misuli hairudi kwa chai na mkate. Mtoeni nje asubuhi, hatua kumi leo, kesho kumi na tano. Na mwenye ndugu aliyelazwa sasa hivi achukue daftari la shule, aandike kila siku: leo homa imeshuka, leo shangazi alikuja, leo umefumbua macho. Hospitali za nchi za Skandinavia zina desturi hii miaka mingi. Mtu aliyepotelewa na siku zake hulisoma daftari hilo akajua kipi kilitokea na kipi kilikuwa ndoto.

Kisha kuna deni. Familia ngapi zimeuza shamba au cherehani kulipia kitanda kile! Na aliyeugua hajarudi kazini, pengine hatarudi kwenye kazi ileile. Wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane aliyoyataja Allah kuwa wanastahiki zaka. Kamati ya msikiti iwaandike, iwatafute, isisubiri waje kuomba, kwani wengi wao hawawezi kupanda ngazi zetu.

Tukimaliza sala leo, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja wa mtaani kwake aliyetoka hospitali mwaka huu, na amwendee kabla ya Magharibi. Asimwambie "mbona umekonda". Amuulize amelalaje, na amwambie Ijumaa ijayo atampitia waje msikitini pamoja. Kisha ampitie kweli.