Kidonda cha Simbilisi na Deni la Mfugaji

Swali la wajibu wa binadamu kwa mnyama hujibiwa kwa wepesi mnyama akiwa mkubwa. Ng'ombe akiumia mguu katika Milima ya Upare, nyumba nzima huamka, kwa kuwa maziwa na samadi vimo hatarini. Faru weusi waliorejeshwa Mkomazi, katika tambarare iliyo chini ya milima hiyo, wana uzio na walinzi. Lakini wajibu unaotegemea faida au fahari haujathibitika bado kuwa wajibu. Hupimwa vema zaidi kwa kiumbe asiye na nguvu, bei wala sifa. Basi na achukuliwe, kwa mfano, simbilisi mmoja afugwaye na mtoto jikoni, katika nyumba moja ya Mamba wilayani Same, naye ameota kidonda chini ya wayo wa nyuma.

Simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, alikofugwa kwa nyama tangu maelfu ya miaka. Hata Kivu ya Kusini, na katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wapo wamfugao kwa kitoweo. Mtoto wa Mamba humfuga kwa kumpenda tu. Ama kwa nyama, ama kwa mapenzi, jambo moja ni lile lile: mnyama hakuchagua mahali alipo. Ndugu zake wa porini hukanyaga nyasi na hujichagulia majani. Yeye hukanyaga alichotandikiwa, na hula alicholetewa.

Jambo hilo ndilo ufunguo wa shauri lote, kwa sababu kidonda cha wayo hakianguki kutoka mbinguni. Wayo wa simbilisi hauna manyoya, na ngozi yake ni laini. Akikaa juu ya waya au mbao zenye vibanzi, akilalia matandiko yaliyolowa mkojo, akinenepa kupita kiasi, kucha zake zikirefuka zikajipinda, au akikosa majani mabichi, wayo huwa mwekundu, kisha ngozi hupasuka. Vijidudu hupata mlango, na visipozuiwa huweza kufika mfupani. Katika sababu hizo zote ni vigumu kuona hata moja ambayo mnyama mwenyewe angeweza kuiondoa. Zote zimo mikononi mwa aliyejenga kizimba.

Hapo ndipo huruma na deni huachana. Mwenye huruma hutoa apendapo, kwa kadiri apendayo, na hutarajia shukrani. Mwenye deni hutoa kwa kuwa amechukua. Mfugaji alichukua kwa mnyama uwezo wa kujitafutia nyasi kavu na chakula kimfaacho; alipouchukua, alijitwika kazi ile ile ambayo uwezo huo ungefanya. Anayemtibu simbilisi wake hamfanyii hisani, bali anarudisha sehemu ya alichokitwaa. Wahenga wamesema kuwa dawa ya deni ni kulipa.

Tofauti hii si ya maneno matupu, maana huruma hutosheka na nia njema, na deni halitosheki nayo. Mtu mwenye huruma, akiona kidonda, huweza kukimbilia kidonge cha penisilini kilichobaki baada ya homa ya mtoto, akampa mnyama kwa moyo safi. Kidonge hicho huweza kumwua: penisilini na nyingi za jamii yake, zikimezwa na simbilisi, huharibu bakteria wema wa tumbo lake. Nia ilikuwa njema na mnyama amekufa. Adaiwaye hana budi kujua analipa nini.

Malipo yenyewe si makubwa. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisawazishwe, kitiwe katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa, yaachwe yawe vuguvugu, kidonda kioshwe kwa upole kisha kikaushwe. Gaga lisibanduliwe. Matandiko yaondolewe, sakafu tambarare itandikwe nyasi kavu, na zibadilishwe kila siku, hasa majira ya masika ambapo unyevu wa milimani huingia hata ndani ya nyumba. Majani mabichi yaletwe kila siku, kwa kuwa mwili wa simbilisi, kama mwili wa mwanadamu, haujitengenezei vitamini C. Wayo ukivimba, ukitoa usaha, au mnyama akiacha kula, kazi imepita uwezo wa nyumba, nayo ni ya daktari wa mifugo. Yafaa kuangalia kuwa sehemu kubwa ya tiba hii haikigusi kidonda; hukigusa kizimba. Aoshaye wayo na kuurudisha juu ya sakafu ile ile yenye maji hajatibu, amejifariji.

Wako watakaopinga. Wa kwanza atasema kuwa nauli ya kwenda Same mjini hupita bei ya simbilisi mwenyewe, na kwamba katika nyumba isiyo na fedha ya dawa za watoto ni upuuzi kulilia wayo wa mnyama. Neno hili lina uzito. Deni hupimwa kwa uwezo wa mdaiwa, na mtoto hutangulia mnyama. Lakini nyasi kavu haina nauli, wala majani hayauzwi kwa anayeishi kando ya shamba. Umaskini humsamehe mtu asichoweza, haumsamehi asichotaka. Na ikiwa daktari hapatikani na kidonda kimefika mfupani, kifo cha upesi mkononi mwa mtu mzima ajuaye kazi hiyo ni malipo ya haki kuliko kuacha mnyama aoze akiwa hai.

Wa pili atasema kuwa wengine hufuga simbilisi ili wamle, basi kidonda kina maana gani kwa mnyama wa kuchinjwa? Kisu ni kazi ya dakika. Kidonda ni mateso ya majuma. Ruhusa ya jambo la kwanza haizai ruhusa ya la pili. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama, iliyopitishwa Tanzania mwaka 2008, haikukataza kuchinja, bali inakataza kutesa.

Yuko pia atakayekuza deni hili hadi lisionekane. Atakumbusha kuwa mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakawaona wakipata kiseyeye, na njia ya kuijua vitamini C ikafunguka; na kuwa Robert Koch alipomtambulisha bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, uthibitisho wake ulipita katika miili ya simbilisi. Ni kweli, na mgonjwa wa kifua kikuu anayetibiwa leo Kibong'oto ana sehemu katika deni hilo. Lakini deni la watu wote ni rahisi kulikiri, kwa kuwa hakuna aitwaye kulilipa. Deni la kizimba lina mdaiwa mmoja anayejulikana, na mdai wake yuko jikoni, amenyamaza. Simbilisi huficha maumivu yake, hataomba. Yampasa mfugaji amwinue, augeuze wayo, autazame.