Boma la Arusha na Haki ya Waliolijenga

Swali la kama jengo lililosimamishwa kwa dhuluma linastahili kutunzwa ni la siku nyingi katika falsafa ya maadili, na jijini Arusha lina mahali pake hasa: Boma la Kale la Wajerumani, mwishoni mwa Barabara ya Boma, ngome ya kijeshi iliyojengwa kati ya 1899 na 1900, ikatumika baadaye kama ofisi za utawala, na tangu 1987 ikawa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Waliolijenga ni Waarusha na Wameru walioshurutishwa, na ushurutishaji huo hauwezi kutenganishwa na vita vilivyoutangulia. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Jeshi la Kijerumani la Kapteni Kurt Johannes likalipiza kisasi kwa miaka iliyofuata, na Machi 1900, wakati kuta za Boma zikiwa bado mbichi au zimekauka punde tu, viongozi wa Wachaga, Wameru na Waarusha, akiwamo Mangi Meli wa Old Moshi, walinyongwa huko Moshi.

Anayesema kwamba kulikarabati jengo la namna hii ni kumtukuza aliyeliamuru ana hoja nzito, na wale wanaomjibu kwa kutaja watalii tu hawajamjibu. Hoja yake, hata hivyo, imejengwa juu ya dhana ambayo haijachunguzwa, kwamba jengo ni mali ya aliyetoa amri. Mwandishi Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha 1849 kuhusu usanifu, alishikilia kwamba majengo ya kale si ya kizazi kilichopo, bali kwa sehemu ni ya walioyajenga na kwa sehemu ni ya vizazi vyote vijavyo. Ruskin hakuwa akiwafikiria wabeba mawe wa Meru, lakini fikra yake ikiletwa Arusha inawapa haki ambayo kamanda wao hakuwapa. Azimio la Arusha, lililopitishwa 1967 katika ukumbi wa Kaloleni usio mbali na Boma, linafika hapohapo kwa njia iliyo wazi zaidi, kwa kuwa limekataa mtu kuishi kwa jasho la mwingine, na jasho lililomo katika kuta hizi linajulikana ni la nani.

Dini nazo zina la kusema. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, makosa yanayohusu haki za Mungu hutofautishwa na yale yanayohusu haki za waja, na haya ya pili hayafutiki kwa toba pekee mpaka mwenye haki arudishiwe chake au asamehe. Kwa sababu hiyo wanazuoni walijadiliana kuhusu anayeswali katika ardhi aliyoipora: Wahanbali, kwa kauli yao mashuhuri, huibatilisha swala hiyo, ilhali wengi wa wanazuoni wengine huiona kuwa imesihi huku dhambi ya uporaji ikibaki palepale. Kauli hii ya wengi ndiyo inayolifaa Boma, maana inakubali kwamba matumizi mema yanawezekana ndani ya kitu kilichopatikana kwa ubaya, lakini inakataa kwamba wema huo umelifuta deni. Mafundisho ya Kilutheri, yenye wafuasi wengi katika vijiji vya Meru, hudai ungamo kabla ya ondoleo, na ungamo ni kulitaja kosa.

Tatizo ni kwamba wenye haki wamekufa. Vitabu vya historia vimehifadhi majina ya kamanda na wamisionari wawili, lakini si ya watu waliobeba mawe, hivyo kazi ya mikono yao ndiyo athari pekee waliyoiacha hadharani. Kuibomoa ni kuwapokonya mara ya pili. Wajibu wa kulihifadhi Boma, kwa hoja hii, unawaelekea wao, na ndio unaoamua pia namna ya kulihifadhi. Urejeshaji unaolenga kulifanya ling'ae kama siku ya kukabidhiwa kwa kamanda unamtumikia kamanda. Mkataba wa Venice wa 1964, unaoongoza wahifadhi wa majengo duniani, unataka urejeshaji ukome pale ambapo kubahatisha kunaanza, na mafundi wanajua kwamba ukuta wa zamani wa mawe ukipigwa lipu ya sementi badala ya chokaa hufungia unyevu ndani mpaka lipu yenyewe ivimbe na kubanduka. Ingefaa sehemu ya ukuta iachwe bila lipu kabisa, mawe yaonekane jinsi yalivyopangwa, na maelezo yawekwe hapo kuhusu nani aliyapanga na kwa amri ya nani. Maana si jambo dogo kwamba jengo lenye historia nzito hivi ya wanadamu limepewa kazi ya kuonyesha wadudu na wanyama.

Linabaki suala la nani agharimie. Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha huko Songea kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Maji Maji, na ungamo la aina hiyo, likipelekwa hadi Meru, lingefungua mlango wa fedha za Kijerumani kuingia katika ukarabati wa Boma. Hakuna ubaya kuzipokea, ilimradi zije kama malipo ya mdaiwa, kwa sababu mfadhili huweka masharti juu ya kile anachokilipia, lakini mdaiwa hana sauti katika matumizi ya anachokirudisha, na uamuzi kuhusu lipu, maelezo na maonyesho unabaki mikononi mwa wazawa wa walioyabeba mawe.